Mimba ingine na konje ya maternite haijaisha: namna ya kujipanga, kwa bamama benye kazi Bukavu

Mutoto wangu wa kwanza alizaliwa tarehe 12 Machi. Tarehe 14 Mei, wiki 9 kisha kuzaa, nilikuwa nimekaa ku kitanda na tesiti nilinunua mu farmasi moja ya Nyawera, milia mibili, mutoto analala pembeni yangu, na kitu ya kwanza iliingia mu kichwa haikukuwa furaha wala uchungu, ilikuwa shefu wangu. Nitamuambia nini? Bado hata sijarudia ku kazi, nilikuwa nimeunganisha konje ya mwaka juu ya konje ya maternite kusudi nibakie na mutoto siku kidogo tena, alafu sasa nirudie na mimba ingine?

Tangu pale bamama bengi bananiuliza, kwa sauti ya chini sawa mutu mwenye ameiba kitu, "mama, wewe ulifanyaka namna gani?" Njo naandika yote hapa, kwa ule mupango ningependa mutu aniambie siku ile. Juu mimi nilianza na mwisho, nilianza na mambo ya kazi na maneno ya batu, na mutoto mwenye alikuwa ku ziwa njo alilipa. Mupango wa kweli ni huu: kwanza tarehe, kisha mwili, kisha mutoto mwenye unanyonyesha, na shefu anakuya wa ine. Yeye anaweza kungoja wiki mbili, mutoto hawezi.

Hakikisha, alafu tafuta tarehe

Ukipima wiki 2 ao 3 tu kisha kuzaa, tesiti inaweza kukuambia uko na mimba na hauna, juu homoni ya mimba ya kwanza inabakiaka mu mwili wiki kadhaa mbele ya kuisha. Kwa hiyo usilie bado, enda ku santre bapime tena. Upande ingine kuko bale benye kusema "haiwezekane, sijaona hata mwezi". Iyo njo ilinidanganya mimi. Yai inatoka mbele ya damu, haingojee damu ikuye kwanza, na kwa mama mwenye hanyonyeshe yai inaweza kutoka tangu wiki ya 4 hivi kisha kuzaa, njo maana unaweza kutoka mu mimba moja ukaingia mu ingine bila kuona mwezi hata mara moja katikati.

"Lakini mimi nilikuwa nanyonyesha!" Nilimuambia munganga vile. Akaniuliza maulizo matatu: mwezi imesharudia? Mutoto iko chini ya miezi 6? Ananyonya ziwa tu, muchana na usiku, bila maji, bila kitu ingine yoyote? Mama mwenye mwezi haijarudia, mutoto hajafika miezi 6, na ziwa tu njo chakula yake, kunyonyesha kunamukinga zaidi ya 98 kwa 100. Ikikosa moja kati ya zile tatu, usitegemee tena kinga ile. Kwangu ya tatu njo ilikosa. Mama mukwe alikuwa anamupatia mutoto maji kidogo ya glukozi juu ya tumbo, na usiku anamukamata na biberon kusudi mimi nilale, alifanya kwa mapendo, sina neno naye hata leo, alafu mutoto akapunguza kunyonya na yai ikarudia.

Sasa, juu haukuona mwezi, hauna tarehe ya kuanzia hesabu. Omba ekografi mapema, mbele ya mwezi wa tatu kuisha, ile ya mapema njo inapanga tarehe vizuri kuliko ya mimba kubwa. Usiseme ni anasa, hii tarehe njo itashika kila kitu, konje, salere, CPN (kupimisha mimba ku santre), hata siku ya kutafuta dada wa kukusaidia nyumbani. Mimi baliniambia 7 Januari. Nikatosha kalendari ya parokia ku ukuta, nikahesabu: wiki 6 mbele ya 7 Januari ni 26 Novemba, wiki 8 kisha 7 Januari ni 4 Machi. Na nilikuwa narudia ku kazi 22 Mei. Kwa hiyo katikati ya konje mbili nilikuwa na miezi 6 kamili ya kazi. Miezi sita! Mbele ya kuhesabu nilikuwa najiona sawa mutu mwenye hatafanya kazi tena mu maisha. Fanya hesabu ile siku ile ile, na kalamu, inapoza moyo kuliko maneno ya batu.

Mwili wako, usiufiche

Shirika la Afya Duniani linashauri mama angoje miezi 24 kisha kuzaa mbele ya kutafuta mimba ingine. Sisemi vile kusudi nikuhukumu, mimba imeshafika, nasema juu uelewe sababu gani munganga atataka kukufuata karibu. Damu ulipoteza siku ya kuzaa, na fere (madini yenye kutengeneza damu) yenye mutoto wa kwanza alichukua mu mwili wako, havirudie mu miezi mbili, na mimba zenye kufuatana vile zinaletaka zaidi upungufu wa damu, kuzaa mbele ya siku, na mutoto mwenye kilo kidogo.

Kwa hiyo usingoje tumbo ionekane juu ya haya. Najua haya ile, nilikuwa nayo, nilikuwa naogopa kukaa ku banko ya CPN na bale bamama benye baliniona pale miezi ine tu mbele na tumbo kubwa. Enda. CPN ya kwanza inapashwa kufanyika mbele ya wiki 12, na siku hizi shauri ni kuonana na munganga mara 8 mu mimba moja, haiko zile 4 za zamani. Siku ya kwanza sema wazi "nimezaa tarehe fulani", hata kama hawakukuuliza, na omba bapime damu kama inatosha, na tansio. Dawa ya fere na asidi foliki unakunywa kila siku, na usikunywe na chai, chai inazuia fere kuingia mu damu, kunywa na maji ao kisha kula chungwa. Kama inakuchafua roho asubuhi, kunywa usiku ukienda kulala. Dawa ya kukinga malaria, ile SP, inaanza mu mwezi wa ine na inarudiliwa, kati ya moja na ingine mwezi moja usikose kupita, uikunywe pale pale mbele ya munganga. Na chandarua mulale ndani wote, wewe na mutoto.

Chakula sitaandika sana, kila mutu anapika kufuatana na mufuko wake. Lakini sambaza haikosekane Kadutu, na sambaza unakula muzima na mifupa yake, weka na maharagi, sombe, lengalenga, yai ukipata. Mama mwenye kunyonyesha na mimba juu yake anakulia batu batatu, asione haya kuomba sahani ya pili.

Kama ulizaa kwa operesheni, hapa usikilize vizuri. Kovu ya mu kizazi haijapona vizuri bado, na mimba ikifuata karibu vile, kuko hatari ya kizazi kupasuka wakati wa uchungu. Sema tangu CPN ya kwanza. Tafuta karatasi ya operesheni ya kwanza pale ulizalia, yenye inaonyesha namna gani balikata. Na utazalia mu lopitali yenye sale ya operesheni na damu, pale Panzi ao lopitali ya provinsi ao ingine ya namna ile, usizalie mu poste ya kijiji wala nyumbani, hata kama ile ya kwanza kabisa ulizaa vizuri nyumbani. Ukisikia uchungu ku kovu, ao damu, ao maji inatoka, usingoje kuche.

Hata kama haukupasuliwa, damu kutoka, kichwa kuuma sana na macho kuona giza, uso na mikono kuvimba, homa, mutoto kuacha kucheza mu tumbo, yote ile unatoka saa ile ile. Wekeni na bwana yako namba ya mutu wa moto (piki-piki) mwenye munamujua, mwenye anakubali kuamka saa nane ya usiku, juu huku kwetu na milima hii kutoka Cahi ao Bagira mu giza na mvua haiko mambo ya kupanga siku ile.

Na kitu kimoja tena, nakiandika na moyo. Siku zile za kwanza kuko batu batakuya na majani, ao na vidonge vya farmasi ya kando ya njia, "kunywa tu mwezi irudie". Usikunywe. Bamama banakufa na bitu bile, banatoka damu nyumbani na banaogopa kuenda lopitali. Kama roho yako haikubali mimba, enda kuzungumuza na munganga wa kweli, mulango ufunge, sema yote.

Mutoto mwenye iko ku ziwa

Habari ikisikilikana tu, haimalize wiki, bashangazi banafika: "Mutoshe ku ziwa! Maziwa ya mimba ni sumu, itamuletea bwaki." Mu Bushi nani hajui bwaki, miguu inavimba, nywele inageuka rangi, mutoto ananyamaza, hachekee mutu tena. Na wazee hawakuota, baliona kweli na macho yao, mama akishika mimba ya haraka yule wa kwanza anagonjwa. Hata jina kwashiorkor, yenye banganga dunia muzima banatumia, ilitoka kwa Baga ba Ghana, na maana yake ni ugonjwa wenye mutoto anapata wakati ule mwingine anakuya, daktari Cicely Williams njo alilichukua kwa bamama ba kule akaliandika mu miaka ya 1930. Kwa hiyo bamama ba Ghana na bamama ba Walungu baliona kitu kimoja bila kujuana.

Lakini sababu njo tulikosea. Maziwa haigeuke sumu. Mutoto anagonjwa juu anatoshwa ku ziwa gafula, ziwa yenye ilikuwa chakula yake yote, alafu anapewa nini? Maji ya buyi ya mihogo, chai na sukari, tumbo inajaa na mwili unakosa. Na mama naye amechoka, hana nguvu ya kumuangalia. Bwaki inatoka pale, mu sahani, haitoke mu maziwa.

Mimi nilibasikiliza siku 4. Nilipaka pilipili ku ziwa, bado kwa leo nikikumbuka naumia. Mutoto wa miezi mbili. Alilia mupaka sauti ikaisha, akaanza kuhara na ile biberon, siku ya tano nikamupeleka CPS (pale banapima kilo ya batoto) na mama wa kupima akaniuliza kwa upole tu "ulimupa nini?", kilo ilikuwa imeshuka gramu 400. Hakunigombeza. Alinikalisha pale pale, akanipa maji ninawe, akasema "munyonyeshe, nakuangalia". Alirudia ku ziwa sawa vile hakuna kitu ilipita.

Kwa hiyo: mimba ikienda vizuri, endelea kunyonyesha. Kunyonya kunafanya kizazi kikaze kidogo, mu mimba ya kawaida haiharibu kitu, lakini kama ulishapoteza mimba mbele, ao ulizaa mutoto mbele ya siku, ao unaona damu, uliza munganga kwanza na ufuate yeye. Ziwa zitauma sana miezi ya kwanza, kweli zinauma, badilisha namna ya kukaa, pumua, inapita. Na ujitayarishe juu ya hii: karibu mwezi wa ine ao wa tano wa mimba maziwa inapunguka na ladha yake inabadilika, wengine batoto banakataa benyewe.

Kama pale mutoto ameshamaliza miezi 6 haiko neno kubwa. Lakini kwetu siye, benye mimba ilikuya juu ya konje, hesabu inafanya maziwa ipunguke mbele ya mutoto kufikisha miezi 6. Wangu alifikisha 12 Septemba, maziwa ilianza kupunguka mu Agosti. Ule mwezi njo wa hatari, uandike ku kalendari. Mupeleke CPS kupima kila wiki mbili, usingoje mwezi, angalia ile mustari ku karte yake kama inapanda, na nyumbani hesabu nepi zenye mukojo, zikipunguka chini ya 6 kwa siku, amini anakosa maziwa. Mustari ikisimama, munganga njo atakuambia maziwa gani umuongezee na namna ya kuitengeneza na maji safi, usijichagulie wewe, na hasa usimupe maziwa ya ngombe wala buyi na miezi ine.

Akifikisha 6, anza. Buyi ya masoso, mahindi na soya na mutama, nzito kidogo, isikuwe maji maji, ongeza sambaza zenye ulikausha ukasaga unga, mafuta ya mawese kijiko moja, avoka, yai, lengalenga yenye kupondwa. Na ziwa bado, hata kidogo yenye inabakia. Huyu wa pili akizaliwa maziwa ya kwanza ya manjano inarudia yenyewe, pale muchanga njo ananyonya mbele, mukubwa anafuata, na unaweza kunyonyesha bote babili.

Sasa kazi

Sheria ya kazi ya Kongo, namba 015-2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, yenye ilirekebishwa na ile 16/010 ya 15 Julai 2016, artikle 129 yake inasema mama akizaa iko na haki ya kusimamisha kazi wiki 14 zenye kufuatana, 6 mbele ya kuzaa na 8 kisha, mutoto akae muzima ao asikae. Mu wiki zile analipwa mbili ya tatu ya salere, na bitu bingine bya kontra sawa nyumba havikatwe, na mwajiri hawezi kuvunja kontra. Haki inafuata kuzaa. Hakuna pahali imeandikwa kwamba lazima mwaka upite, wala kwamba mara ya pili ni kidogo kuliko ya kwanza. Ukizaa Machi na ukazaa tena Januari, ni konje mbili nzima, wiki 14 na wiki 14. Na artikle 62 inaweka mimba na kuzaa kati ya mambo yenye haiwezi kuwa sababu ya kufukuza mutu.

Kuko pahali mbili bamama banaangukia. Ya kwanza, unafanya kazi mupaka siku ya uchungu ukiwaza zile wiki 6 utazikula nyuma na mutoto. Sheria inaweka 8 njo mwisho kisha kuzaa, kama shefu anakubali zingine ni kwa mapenzi yake, basi aandike. Ya pili ni kontra ya muda, ile ya ba ONG, ya mwaka ao ya miezi 6. Kontra ikifika tarehe yake na hawakuirudilia, haihesabiwe sawa kufukuzwa, hata kama tumbo imefika ku kidevu. Kwa hiyo angalia kontra yako inaisha lini ukiweka pembeni ya ile tarehe ya ekografi. Kama inaisha katikati, zungumuza mapema juu ya kuirudilia, usingoje Novemba.

Lini kumuambia? Mimi nasema kisha ekografi, na mbele ao mu wiki ya kwanza ya kurudia. Asisikie kwa batu ba koridori. Mulombe dakika 10, muambie na mudomo kwanza, kisha acha barua. Barua iandike mu kifaransa sawa barua zote za biro, fupi: jina na kazi yako, kwamba uko na mimba, sertifika ya munganga iko ndani, tarehe yenye banangojea mutoto, tarehe konje itaanza, tarehe utarudia, na mustari moja ya namna gani kazi yako itabakia na mutu. Usiombe musamaha mu barua. Mimi ya kwanza niliandika "nasikitika", dada mukubwa wangu akaichana. Fanya kopi mbili, moja inabakia, ingine irudie na muhuri na tarehe, piga na foto, ijitumie ku WhatsApp ya mutu wa nyumbani kusudi isipotee telefone ikiibwa.

Shefu wangu aliniangalia muda murefu, akasema "sasa wewe unakuyaka kazi ao unakuyaka kupumuzika?" Iliniuma sana, niliwaza kujibu mubaya. Nikatosha karatasi yenye nilikuwa nimeandika usiku: miezi 6 niko, haya njo nitamaliza, huyu njo nitamufundisha tangu Oktoba. Akaisoma. Kisha wiki mbili bakaniambia nimuachie kabisa biro yule mwenye alinibadili mu konje ya kwanza, "kusudi upumuzike". Nikasema ni sawa, naomba tu mulete mu barua. Barua haikukuya, biro ikabakia yangu. Neno lolote lenye kupunguza kazi yako ao salere yako, lombe karatasi, kwa heshima, bila sauti.

Ikiharibika kweli, mulango wa kwanza ni Inspeksio ya Kazi, bule, banaita bote babili kujaribu kupatanisha, na bila kupita pale tribunali haikupokee. Mu nyakati hizi kufuata mambo ya biro za serikali huku kwetu haiko rahisi, njo maana karatasi zako zibakie pamoja na wewe, kontra, bultini za salere, barua yenye muhuri, sertifika zote, mu fuko moja ya plastiki.

Kazi yenyewe, kama uko unaenda tereni, Kalehe, Fizi, masaa ku moto na barabara zile, omba munganga aandike kwamba hauwezi, sertifika njo inasema, haiko wewe. Kubeba makartoni pia. Na ukirudia, artikle 130 inakupatia nusu saa mara mbili kila siku kwa kunyonyesha, yenye kulipwa. Mimi nyumba iko mbali, kwa hiyo tulikubaliana niziunganishe nitoke saa moja mbele ya bengine, na hiyo pia iliandikwa.

Sheria ile ile inamuomba mwajiri alipie matunzo ya mufanyakazi na jamaa yake, kuzaa ndani, kwa hiyo weka kila faktire ya CPN na ya mutoto. Uliza biro kama banakutangaza ku CNSS (kese ya serikali ya bafanyakazi), juu kule kuko alokasio ya mimba kwa bale benye balilipiwa vizuri. Na mpango wa serikali wa kuzaa bule, wenye ulianza Kinshasa mu Septemba 2023 na ukaendelea mu provinsi zingine, uliza lopitali yako mbele ya kutosha feza kama nayo iko ndani.

Feza na nyumba

Mbili ya tatu maana yake hivi: kama unapata dola 450, mu konje unapata 300. Wiki 14 ni miezi 3 na kitu, unakosa karibu dola 490. Na konje mbili mu mwaka moja, mara mbili. Siye mu likelemba yetu nililomba zamu yangu isukumwe mupaka Desemba, bamama balielewa mara moja, njo ilinunua makala, sabuni na maziwa. Panga ile tangu Juni.

Mutoto wa kwanza muandikishe mbele ya siku 90 kuisha, ni bule mu zile siku, juu mwenye mimba na mutoto mudogo anasahau haraka, na bila cheti yake unahangaika ku biro kumuweka mu dosie. Bwana kwa sheria iko na siku 2 tu za kazi bibi akizaa, kwa hiyo konje yake ya mwaka aiweke mu Januari, azungumuze na biro yake sasa. Na nyumbani agawanye kweli: usiku yule mukubwa akilia, baba njo anaamuka. Wangu alikataa mwanzo, mutoto naye alimukataa, kisha wiki mbili balizoeana mupaka leo analala ku kifua chake.

Batu batasema. "Banazaa sawa sungura", nilisikia ku mulango wa kanisa, na mwenye alisema aliniona. Nililia mu taksi mupaka Essence. Kulia kunapita. Lakini kama huzuni inakaa zaidi ya wiki mbili, haulale hata mutoto akilala, hauone tamu ya kumubeba, muambie munganga wa CPN, iyo nayo ni ugonjwa na iko na dawa yake.

Ya mwisho, na uipange mbele ya mwezi wa nane, wewe na bwana yako, mukiwa na akili yenye kutulia: kisha huyu, mutakaa namna gani? Sterile, kile kidude kidogo cha kukinga mimba chenye banaweka mu kizazi, inaweza kuwekwa mu masaa 48 ya kwanza kisha kuzaa, implan ya ku mukono inaweza kuwekwa mbele utoke maternite hata kama unanyonyesha, na kinga ya ziwa unajua sasa zile tatu zake. Muambie munganga wa CPN aandike ku karte chaguo lako, juu siku ya kuzaa hakuna mwenye atakuwa na nguvu ya kuzungumuza. Yangu iliandikwa na kalamu nyekundu, na wa pili alikuwa na siku mbili tu wakati balinipiga sindano ndogo mu mukono wa kushoto, mama mukwe amesimama pale mulangoni na mukubwa mu mugongo, ananiuliza kama inauma.